Sahani ya Nakunda

Hapo zamani, na asiniulize mtu mwaka gani maana nitamtuma mferejini akachote maji, palikuwa na mtoto wa kike huko kwetu milimani Upare. Jina lake Nakunda. Mama yake alifariki siku ya nne baada ya kumzaa. Baba yake, Sifaeli, alifanya kazi kule tambarare kwenye mashamba ya mkonge, akipanda nyumbani mara moja kwa mwezi. Mwanamume wa mara moja kwa mwezi hawezi kulea mtoto mchanga. Kwa hiyo akaoa mke mwingine, aitwaye Eliwaza.

Haya, nimewaona mnavyokunja nyuso. Mmesikia mama wa kambo, mmeshajua hadithi inakokwenda: atamchapa, atamnyima, atamtuma kuni msitu wenye chui. Kunjueni nyuso zenu, mwendelee kuchambua hayo maharage. Eliwaza alimpenda Nakunda tangu siku ya kwanza alipomfunga mgongoni. Alimpenda kweli kweli, na ndiyo maana nawaletea mtihani huu leo.

Kijijini kwao palikuwa na desturi. Watoto wote hula pamoja kwenye sinia, lakini mtoto aliyefiwa na mama huwekewa sahani yake ya bati, peke yake, na hula barazani mchana kweupe. Kwa nini barazani? Ili kila apitaye aone amewekewa nini. Mwanamke atapita na mzigo wake wa majani ya ng'ombe, atasimama, atasalimia, na jicho litateremka kwenye sahani. Akiona nyama atasema, "Ubarikiwe, mama." Akiona ndizi tupu hatasema kitu. Atakwenda kukisemea mferejini.

Na Eliwaza, jamani, aliogopa maneno ya mferejini kuliko alivyoogopa homa. Ikipikwa nyama, kipande cha kwanza cha Nakunda. Yakipikwa makande, maharage yanateuliwa kwa mwiko yajae sahani ya Nakunda. Maziwa, ya Nakunda. Yai, la Nakunda. Na Nakunda, mtoto wa miaka sita, anaisukuma sahani.

"Mama, sitaki. Nyama inanipeleka mbali."

"Mbali wapi, mwanangu?"

"Mbali tu."

"Kula, mama, kula. Watu wanatazama."

Akala. Akashiba. Mama akasifiwa. Na siku ya pili mtoto akapotea.

Sisemi alipotea njia. Mwili ulikuwa palepale barazani, lakini mwenyewe hayupo. Alimwita mbuzi bibi. Alicheka na ukuta, akaacha kucheka, akaugombeza. Akasema siafu wanampanda miguuni, na siafu hawakuwapo, akajikuna mpaka akatoka damu. Akisimama anayumba kama mzee aliyetoka kunywa dengelua, na pombe ya miwa mtoto yule hajawahi kuionja. Kisha akatapika, akalala, akalala tena. Kwa kuwa hakutaka kumeza kitu, Eliwaza alimnywesha uji mwepesi wa sukari kwa kijiko siku mbili. Siku ya tatu akafumbua macho, akauliza, "Leo ni siku ya shule?" Mzima kabisa!

Eliwaza akamshukuru Mungu, akamchinjia kuku.

Msicheke. Hata ninyi mngemchinjia kuku.

Ikawa hivyo mwaka mzima, anapotea na kurudi, anapotea na kurudi. Shuleni watoto wakamwita Kichaa. Mwalimu akasema hawezi kufundisha darasa lenye mtoto anayezungumza na dirisha. Akarudishwa nyumbani.

Basi wakati huo akaja kukaa pale nyumbani mdogo wake Sifaeli, aitwaye Zefania. Zefania hakuwa na shamba, hakuwa na mke, alikuwa na tumbo. Akionekana harusini, wapishi wanakonyezana na kufunika sufuria. Zefania akaona sahani ile barazani, akaja kukaa karibu na mtoto, akajifanya anatengeneza kiatu.

"Mwanangu, hiyo nyama unaitaka?"

"Siitaki, baba mdogo."

"Kweli?"

"Kweli."

"Basi sawa. Tusimsumbue mama yako kwa maneno."

Nyama ikaenda. Maharage yakaenda. Yai likaenda na ganda nusura liende. Eliwaza akitoka jikoni anakuta sahani nyeupe, moyo wake unatulia. Mwezi wa kwanza Nakunda hakupotea. Mwezi wa pili hakupotea. Mwezi wa tatu akarudi shuleni, akahesabu mpaka mia mbele ya mwalimu, na Jumapili akaimba na watoto wenzake kanisani. Eliwaza akatembea kijiji kizima akisema, "Mnaona? Nyama imemkubali!"

Lakini mlafi siku zake arobaini. Siku moja Eliwaza alirudi jikoni kuchukua chumvi, akachungulia barazani, akamwona Zefania na paja la kuku la yatima mdomoni. Nyie! Alitoka na mwiko. Zefania aliteremka mlima ule wote akikimbia, na mfupa hakuutema. "Mwizi wa chakula cha yatima! Usikanyage tena hapa!" Na kijiji kizima kikasema Eliwaza ni mama hasa.

Siku hiyo akajaza sahani mara mbili, kufidia, akakaa mwenyewe kuhakikisha.

Nakunda akala. Akashiba. Mama akasifiwa. Na siku ya pili mtoto akapotea.

Safari hii alikaa siku tano bila kurudi vizuri. Wanawake wa mferejini wakaja na jibu lao. Wakasema, marehemu mama yake analia huko aliko; ameona mwanawe anaibiwa chakula, ndiyo anamwita. Anataka kumwona anakula. Eliwaza alikuwa na mbuzi mmoja tu, jike, aliyepewa na mama yake mzazi siku anaolewa. Huyo mbuzi alikuwa mali yake pekee duniani ambayo hakuipata kwa mume. Akamtazama mbuzi, akamtazama mtoto, akaita mchinjaji.

Ini kwanza. Kisha supu. Kisha nyama, asubuhi na jioni, siku tatu.

Akala. Akashiba. Mama akasifiwa mpaka kanisani. Siku ya nne mtoto akapotea, akapotelea mbali kuliko siku zote.

Sifaeli alipanda siku hiyo, akamkuta mwanawe amejibanza nyuma ya mlango akipiga kelele kwamba mwizi ameingia kumkata shingo. Mwizi ni yeye baba yake. Eliwaza akataka kumshika, akang'atwa mkono mpaka kwenye mfupa. Halafu mtoto akanyamaza. Macho wazi, ukimwita haitiki, ukimfinya hashtuki. Sifaeli akambeba mgongoni, akateremka naye mbio mpaka barabarani, wakapata lori la mkonge, wakafika hospitali ya mjini. Eliwaza nyuma yake na mkono umefungwa kanga. Na bibi mzaa mama, Bibi wa Ng'ambo, kama tulivyomwita kwa sababu anakaa mlima wa pili, aliposikia naye akaja kwa mguu.

Daktari alikuwa mama mmoja mfupi, mwenye sauti ya kuchoka. Hakuuliza nani kamroga. Aliuliza, "Amekula nini?"

Eliwaza akajitokeza mbele. "Nyama, daktari! Ini, supu, kila kitu. Mimi simnyimi."

Daktari akaandika. Kichwani alikuwa anapima magonjwa matatu na hakujua ni lipi; dawa ya moja ingemchelewesha mtoto kupata ya jingine, na mtoto alikuwa hana muda wa kuchelewa. Akauliza, "Upande wa marehemu mama yake, kuna watoto wa kiume waliofariki wakiwa wachanga?"

Sifaeli akasema hajui. Bibi wa Ng'ambo akatazama dirishani.

Daktari akauliza tena. Bibi akatazama dirishani.

Daktari akauliza mara ya tatu, akamshika bega. Yule bibi akaketi chini sakafuni na kanga yake, akasema, "Watatu. Nimezika wavulana watatu, hakuna aliyemaliza wiki. Na mama yake huyu alikuwa hali nyama, hali maharage, tangu utotoni. Nikimlazimisha, anaongea na ukuta. Nikaacha kumlazimisha. Alipomzaa huyu, wakampa supu ya nyama kila siku kama mnavyowapa wazazi wote. Siku ya nne alikufa akiniita kwa jina la mbuzi."

Daktari akaondoka mbio.

Baadaye aliwaeleza polepole. Kila mtu akila nyama, maharage, maziwa au mayai, mwili hubaki na taka, na ini huisafisha. Nakunda amezaliwa na ini linalosafisha kidogo kidogo. Taka ikizidi hupanda kichwani, na hapo mtoto huona siafu, humwita baba mwizi. "Hana pepo, hajarogwa, wala si kichaa," akasema. "Ni urithi, umepita kwa mama. Wavulana huwaua mapema. Wasichana wengine huishi nao bila kujua."

Siku ya tano Nakunda alifumbua macho, akamwona Eliwaza, akauliza, "Mama, mbuzi wetu yuko wapi?" Eliwaza alilia mpaka wauguzi wakamtoa nje.

Sasa sikilizeni hapa, maana mtihani unaanzia hapa. Kabla hawajaondoka daktari aliwapa dawa na kikombe kidogo cha kahawa. Akasema, "Maharage, kikombe hiki kimoja kwa siku. Kisizidi hata punje. Lakini pia kisipungue, wala asishinde njaa. Mtoto akikosa chakula mwili hujila wenyewe, na mwili ni nyama. Nyumba yenye wapishi wengi itamuua mtoto huyu. Chagueni mtu mmoja. Huyo ndiye atakayeishika sahani yake, na neno lake likiwa hapana, awe mchungaji, awe nani, ni hapana."

Wakarudi. Wiki tatu wakajaribu kusaidiana wote, na mambo hayakwenda sawa, mtayasikia. Ikafika Jumapili. Jumatatu lori la mkonge linamchukua Sifaeli kwenda tambarare. Na usiniambie wewe hapo pembeni kwamba baba yake aishike. Nimeshasema ni mara moja kwa mwezi, au unakula maharage mabichi badala ya kusikiliza? Sifaeli akaketi barazani na sahani ya bati mapajani. Waliitaka watatu. Mnatujua Wapare kwa kesi, tunauza ng'ombe kudai kuku. Siku ile hakukuwa na kuku, ulikuwa uhai wa mtoto.

Eliwaza akaanza. "Mume wangu, mimi nisemeje? Nimemfunga mgongoni akiwa na wiki tatu. Mnasema nilimlisha sumu. Nilimlisha nilichojinyima! Mbuzi wa mama yangu yuko wapi? Alama hii ya meno, nani mwingine anayo? Na tangu turudi nimeweka sahani hii palepale barazani, ndizi, mchicha na kikombe kimoja. Wamepita wakaniita mchawi mbele ya macho yangu. Mimi niliyekuwa naogopa kunong'onwa, nikaitwa mchawi, na sikuongeza punje."

"Na yai la Jumatano?" akauliza Bibi wa Ng'ambo.

Eliwaza akainamisha kichwa. "Mke wa mchungaji alikuwa ameketi pale, anaitazama sahani. Nusu yai, Bibi. Nusu tu."

"Na Alhamisi mtoto akacheka na ukuta."

"Alicheka," akasema Eliwaza. "Nakiri alicheka."

Akasimama Zefania. Ndiyo, alirudi, nani alimwita sijui, labda harufu. "Mimi sina maneno mengi, kaka. Miezi mitatu nimekaa na mtoto huyu. Alipotea?"

"Hakupotea," wakasema watu waliojaa barazani.

"Nilipofukuzwa kwa mwiko, alipotea?"

"Alipotea," wakasema.

"Basi mimi nimemaliza."

Watu wakacheka. Sifaeli akamwuliza, "Zefania, ulikuwa unamwokoa au ulikuwa unakula?"

"Nilikuwa nakula, kaka. Sidanganyi. Lakini aliokoka."

"Daktari kasema kisipungue pia. Juzi nani alimaliza kile kikombe cha maharage, mtoto akashinda amelegea?"

Zefania akatazama jikoni, ambako kitu kilikuwa kinachemka. "Nitajitahidi," akasema, na naamini alikuwa anasema kweli, masikini.

Bibi wa Ng'ambo hakusimama. "Sahani hii nimeipika miaka ishirini, bila daktari, bila kikombe. Mama yake aliikulia, akawa msichana, akaolewa. Amekufa kwa mapishi ya wengine, si yangu. Katika wiki tatu hizi, siku nilizopika mimi, kuna siku alipotea?"

"Hakuna," akasema Sifaeli.

Hapo Eliwaza akalipuka. "Ulijua! Miaka yote hii umekaa ng'ambo ya mlima unasikia mtoto anazungumza na mbuzi, na ulijua! Ungenitumia neno moja tu, Bibi. Neno moja! Nisingemchinja mbuzi, mtoto asingeitwa kichaa. Na Jumapili iliyopita walipokuuliza kanisani anaumwa nini, ulisemaje? Ulisema malaria!"

Bibi akamtazama Eliwaza usoni. "Nina wajukuu wengine wanne wa kike," akasema, "hawajaolewa. Neno lile ni la kuwafungia mlango wote. Hospitalini nililisema. Mchumba wa yule mkubwa amesharudi nyuma. Kwa hiyo msiniambie mimi sikutoa kitu. Eliwaza katoa mbuzi."

Sifaeli akaizungusha ile sahani, akaizungusha tena. Alikuwa na mke aliyempenda mwanawe kuliko mali yake, ndugu ambaye ubaya wake ulimponya mtoto, na mkwe ambaye mkono wake haujawahi kukosea na ukimya wake umeshazika mtu. Mwisho akamwita mwenyewe.

Nakunda alikuwa amechuchumaa kwenye kona anapanga punje za maharage mstari, nyekundu kwa nyekundu. Akaja.

"Mwanangu, kesho nateremka. Sahani yako ashike nani? Unamtaka nani?"

Mtoto akafikiri. Kisha akasema, "Namtaka atakayeniamini nikisema sitaki." Akawatazama wote. "Mimi nilisema. Kila siku nilikuwa nasema."

Jamani. Watu wazima wale wote, pamoja na mfereji mzima, na mchungaji, na mwalimu, kumbe aliyekuwa anajua tangu mwanzo ni mtoto wa miaka sita, na alikuwa akiambiwa kula, mama, kula.

Zefania akasema polepole, bila mzaha, "Mimi nilimwamini siku ya kwanza. Alisema haitaki, nikasema sawa. Ninyi wote mlibisha." Na ilikuwa kweli.

Bibi wa Ng'ambo akasema, "Mimi nilijua atasema hivyo kabla hajaanza kusema." Na ilikuwa kweli.

Eliwaza alikuwa wa mwisho. Akapiga magoti mbele ya mtoto, akamshika mikono. "Mimi sikukuamini, mwanangu. Kila siku uliniambia, na kila siku nilitazama barabarani nani anapita. Hawa wawili walijua tu. Mimi nimeona kwa mkono wangu kutokukuamini kunafanya nini. Nusu yai lile nalikumbuka kila nikiwasha moto." Na hiyo nayo ilikuwa kweli.

Kule bondeni lori la mkonge likapiga honi, limekuja kulala kule barabarani lipate kuondoka alfajiri. Sifaeli akasimama na sahani mkononi.

Haya, wekeni ungo chini. Makande yanachemka, na kabla sijamwonjesha mtu mchuzi nataka nisikie. Atakayenijibu haraka nitajua hakusikiliza. Msinitafutie mtu wa nne, hakuwapo. Na msiniambie wagawane, walishagawana wiki tatu na mmesikia yaliyompata mtoto. Yupo aliyempenda asimwamini, yupo aliyemwamini kwa sababu ya tumbo lake, na yupo aliyejua akanyamaza. Sifaeli amenyoosha mkono, Nakunda anatazama, na kesho mchana mtoto lazima ale. Je, sahani ile ampe nani?